Hatua Nne Nyuma ya Lori

Kondo, mwenzangu wa jandoni,

Leo ni Jumatano. Kesho asubuhi mkeo Mwanaidi atakuja na uji, kama anavyokuja kila Alhamisi tangu nilipoanguka kitandani, nami nimejiapiza kuwa kesho nitamwambia. Nikishindwa kesho sitapata nafasi nyingine. Miguu imevimba mpaka magotini na siwezi tena kulala chali. Lazima niegemee mito kama mfalme. Maisha yangu yote ya kazi nimewafunga watu wa wilaya hii vidonda na kuwapa dawa. Miguu ya namna hii naijua, na siku zake nazijua.

Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye mtu pekee nisiyeweza kumdanganya. Wengine wote nimewadanganya, kwa miaka kumi na moja, na nimewadanganya kwa sauti nzuri.

Nianze na habari za nyumbani. Mwanaidi yu mzima. Macho yamepungua nuru kidogo, lakini mihogo yake kule Masaki bado anailima mwenyewe, na hakuolewa tena ingawa walikuja watu wawili, tena watu wa maana. Pazi wako amekuwa mwanamume, mrefu kukuzidi, na anaendesha lori. Ndiyo, Kondo, anaendesha. Hakuishia nyuma kwenye bodi kama wewe. Lakini hakufika pale kirahisi. Siku ya kwanza alipokwenda kuomba kazi ya utingo, msimamizi alimwuliza ni mtoto wa nani. Alipotaja jina lako, waliokuwa wakipakia magunia wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu msimpe kabari ya gurudumu, mpeni mto." Pazi alinisimulia mwenyewe, ameketi kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu, na mimi nikamwambia avumilie, maneno hayavunji mfupa.

Mimi, kati ya watu wote, ndiye niliyemwambia hivyo.

Maana jina lako limekuwa msemo huku. Utingo akichelewa kuruka chini, dereva humpigia kelele, "Umelala kama Kondo?" Vijana wanaosema hivyo hawakukujua. Kwao Kondo si mtu, ni neno tu, kama vile mzembe. Mwezi uliopita dereva mmoja alilisema chini ya dirisha langu, hapa barabarani Kisarawe, na Mwanaidi alikuwa ndani ananimiminia uji. Hakugeuka. Mkono wake tu ndio ulioganda na sufuria imeinama, uji ukajaa kikombe, ukafurika, ukatiririka mezani mpaka sakafuni. Kisha akaiweka sufuria chini, akapangusa meza, akasema, "Kunywa, shemeji, utapoa."

Nilikunywa.

Msemo huo ni wangu. Niliutunga mimi, na sikuutunga kwa bahati mbaya.

Unakumbuka ulivyonifundisha barabara? Nilikuwa nimekabidhiwa lile gari dogo la zahanati ya Kibaha, na nilijiona nimemaliza. Usukani nilikuwa nimeuweza, gia nimeziweza, na karatasi ya kuendeshea nilikuwa naitembeza mfukoni kama barua ya mchumba. Ukacheka. Ukasema, "Daktari, wewe umejifunza kuendesha gari lako. Bado hujajifunza kuishi na langu." Ukanipandisha nyuma ya lori, juu ya magunia, tukaenda siku nzima. Ulitaka nione kwa macho yako. Kila gari dogo lilipotukaribia nyuma uliniambia nitazame, na kweli, lilikuwa linatoweka. Lilikuwapo, kisha lilimezwa na vumbi na ukingo wa bodi, kama kifaranga anayeingia chini ya mama yake. Ukaniuliza, "Yuko wapi sasa?" Nikasema simwoni. Ukanipiga kofi la kichwani. "Basi kama wewe uliyekaa huku nyuma humwoni, Athumani aliye kule mbele kwenye usukani atamwonaje?"

Maneno yako ya siku ile ninayo yote. "Lori halina macho nyuma. Macho yake ni mimi, na mimi nina shingo moja." "Ukitazama kioo cha dereva na usiuone uso wake, jua na yeye hajui kuwa umezaliwa." "Likishuka na mzigo, usilikatie mbele ukajifanya mjanja. Lori halisimami unapotaka wewe, linasimama litakapokubali lenyewe." "Likitaka kukata kona liachie njia yote, usijipenyeze ubavuni, maana mkia hauendi kilikopita kichwa." Nilikuwa mtu niliyekwenda shule miaka mingi, nimesoma mifupa ya mwili wa binadamu kwa Kiingereza, na wewe uliishia darasa la pili, lakini siku ile juu ya magunia mwalimu alikuwa wewe.

Na kuhusu kilima kile cha kuingia Kisarawe ulinikamata bega kabisa. Uliniambia sheria yenu, ambayo haikuandikwa popote na kila dereva wa njia ile aliijua. Lori lenye mzigo likianza kupanda, utingo huteremka na kufuata kwa miguu, nyuma kidogo ya gurudumu, na kabari begani, ile kabari yako ya mninga yenye kamba. Injini ikikata pumzi, huitupa kabari chini ya gurudumu na kuruka mtaroni. Kabari isiposhika, basi, anaacha. Dereva analirudisha lori kinyumenyume mpaka aliegemeze kwa nyuma kwenye ukingo wa udongo, na linakaa. Hakuna anayekufa, mradi nyuma pawe patupu. Kwa hiyo gari dogo halipandi. Linangoja kijitoni, chini ya kilima, hata kama ni la nani, mpaka lori lishike kilele, na utingo avunje tawi la mkorosho na kulipunga. Tawi likionekana, unapanda. Lisipoonekana, unakaa na kusukutua mdomo. "Subiri tawi," ulisema. "Hata ukiwa unampeleka mkeo kujifungua, subiri tawi."

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Watu wote wanaamini kwamba siku ile nilikuwa nawahi mgonjwa. Nilisema kulikuwa na mama mjamzito Kibuta aliyekuwa akitoka damu. Hakukuwa na mama yeyote. Daktari mkubwa alikuwa anatembelea Kisarawe, na wafanyakazi wote wa dawa walitakiwa kupanga mstari na kupigwa picha pamoja naye saa nne. Nilitaka nisimame mbele. Nilikuwa nimevaa suti nyeupe, imetiwa wanga na kupigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na viatu nimevipaka chaki. Tangu Zegereni nilikuwa nyuma ya lori lenu. Mlikuwa mmebeba saruji, na vumbi lenu lilikuwa linaingia kwangu kwa kila tundu. Nilifunga vioo, joto likanitoa jasho, na jasho na vumbi vikafanya kazi yao kwenye kola. Nilipiga honi. Nilikutukana, Kondo, peke yangu ndani ya gari, na jina nililolitukana lilikuwa lako.

Kijitoni mlisimama kuongeza maji kwenye rejeta. Ukaja dirishani kwangu, umejaa saruji kwenye nyusi mpaka unaonekana mzee. Ulinitazama toka kola hadi viatu.

"Ala! Daktari, leo unaoa? Na sisi hukutualika?"

Nikakwambia nina haraka, na kwamba vumbi lenu limeniharibia nguo.

"Vumbi si letu, la Mungu. Sisi tunalitembeza tu." Ukagonga paa la gari langu mara mbili kwa kiganja. "Subiri tawi, bwana harusi."

Nikasema, "Sawa."

Nilisema sawa. Mlipoanza kupanda, niliona lori limepunguza mwendo sana, na kwa sababu lilikwenda polepole halikuwa na vumbi. Hewa ilikuwa safi nyuma yenu. Nikawaza: nikipanda nao hivi hivi, nimekaribiana nao, tukifika juu tu nawapita kabla hawajashika mwendo wa kutimua vumbi tena. Nikatia gia ya kwanza.

Uligeuka ukaniona. Ulinipungia mkono nirudi. Nilijifanya sikuelewa. Ukapunga tena, kwa mkono mzima, na mdomo wako ukasema neno ambalo sikulisikia kwa kelele za injini lakini nalijua. Nami nikazidi kusogea. Nilikuwa hatua nne kutoka bodi la lori. Nilikuwa naziona kamba za turubai. Nilikuwa nayasoma maandishi ya mifuko ya saruji.

Athumani alibadilisha gia na gia ikakataa. Nilisikia ile sauti ya meno kusaga, kisha kimya. Injini ilizimika. Kisha nikaona maandishi ya mifuko yanakua.

Ulitupa kabari kama siku zote, upesi, mahali pake. Watu wanasema ulichelewa. Hukuchelewa hata kwa kufumba jicho. Lakini mvua za wiki ile zilikuwa zimeacha changarawe tupu pale, na kabari ikateleza. Lori likaisukuma mbele yake kama jembe linavyosukuma udongo. Hapo ndipo ulipotakiwa kuruka mtaroni na kuliacha liende kuegemea ukingo. Mtaro ulikuwa karibu yako. Uliutazama. Kisha ulinitazama mimi.

Nilikuwa nimeshikilia usukani kwa mikono miwili kama mtoto. Gari langu lilikuwa limezimika. Sikuwa natafuta gia ya kurudi nyuma, sikuwa natafuta breki, nilikuwa natazama tu. Ukaivuta kabari kwa kamba, ukaisimika tena, na kwa kuwa ilikuwa inateleza ilihitaji kitu cha kuizuia kwa nyuma. Ukapiga magoti. Ukawa wewe kile kitu.

Lori lilisimama. Kati ya bodi na gari langu mtu mwembamba asingepita.

Sasa nitaandika jambo ambalo sijawahi hata kulitamka chumbani peke yangu. Athumani alikuwa mbele, amekanyaga breki kwa miguu yote miwili, anaogopa kuinua, analia, "Kondo! Kondo! Imeshika?" Hakuweza kushuka. Hakuweza kuona. Mimi nilikuwa na mkoba wa dawa kando yangu, na bendeji, na mikono iliyofunzwa. Na nilichofanya kwanza, Kondo, nilitoa gia nikaliachia gari lirudi chini kimyakimya mpaka kijitoni. Nikaliegesha pale linapotakiwa kungoja. Nikashuka. Ndipo nikapanda kilima kwa miguu kuja kwako, nikikimbia, na mkoba mkononi, ili atakayeniona anione natoka chini.

Kama ningekuja moja kwa moja ungepona? Nimejiuliza kama mtu wa dawa, nimepima kila mfupa. Sijui. Hilo la kutojua ndilo nililolala nalo.

Ulikuwa bado unapumua. Uliniangalia ukaniuliza, kwa sauti ndogo, "Umerudi nyuma?"

Nikasema, "Nimerudi."

Ukafumba macho kama mtu aliyepokea jibu zuri. Nikakutamkisha shahada, nawe ukaifuata mpaka karibu na mwisho.

Siku ya tatu alikuja afisa kuuliza maswali. Aliuliza kwa Kiingereza na mimi nilijibu kwa Kiingereza, mbele ya wazee wetu waliokuwa wamekaa kwenye mkeka bila kuelewa neno. Nilisema nilikuwa kijitoni nikingoja tawi. Nilisema kutoka kule chini nilimwona utingo amekaa nyuma ya bodi, kichwa kimeinama, na kwamba aliruka lori lilipokwisha kuanza kurudi. Afisa akaandika. Athumani alipoulizwa alisema kweli: hakuona kitu, alikuwa mbele. Kisha akaongeza, "Lakini Kondo halali kazini, bwana. Mwambie. Kondo halali."

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Maneno hayo sikuyapeleka.

Kisha nikawageukia wazee, nikawaambia kwa Kiswahili na kwa upole mwingi kwamba imeonekana marehemu alisinzia kidogo, uchovu, ni ajali, tumwombee. Nikamshika Mwanaidi mkono. Alinishukuru kwa kukutamkisha shahada.

Wala madhara hayakuishia kwako. Wenye magari madogo waliposikia, walisema, kama utingo mwenyewe analala, tawi lake la nini? Wakaacha kungoja kijitoni. Siku hizi malori ni makubwa kuliko lile lenu, mengine yanakokota tela, na magari yanapanda nyuma yao yamebanana kama siafu. Nimewafunga vidonda watu wa kilima kile mara nyingi nisizopenda kuzikumbuka. Mwalimu mmoja wa Kibuta nilimkata mguu. Aliponiuliza kwa nini mambo haya yanatokea pale pale, nilimwambia barabara ni mbaya.

Nimechoka sasa. Kesho.

*

Ijumaa, baada ya adhuhuri

Nimemwambia.

Aliingia, akaniuliza nimeamkaje, akaanza kufungua sufuria. Nikasema, "Mwanaidi, keti kwanza. Leo usimimine." Akaketi. Nilianza vibaya. Nilianza na vumbi, nikaenda kwenye mvua, nikaelezea changarawe. Akaniacha niende hivyo kwa muda, kisha akasema, "Shemeji. Sema."

Nikasema. Nilisema hatua nne, nikasema picha, nikasema gari nililolirudisha chini kwanza, nikasema maneno ya Athumani niliyoyameza. Pumzi ilinikatikia mara tatu na kila mara alingoja. Hakulia. Alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria magotini, anakizungusha.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja. "Alikuwa macho?"

"Alikuwa macho, Mwanaidi. Alikuwa macho kuliko sisi wote."

Akatikisa kichwa polepole. "Hilo nalijua. Mtu aliyekuwa akiamka paka akikohoa uani, alale mlimani na kabari begani? Hilo hujaniambia jipya. Jipya ulilonipa leo ni kwamba na wewe ulikuwa unajua." Akakiweka kifuniko mezani. "Umekula uji wangu, na ulikuwa unajua."



Aliinuka akaumimina uji. Akajaza kikombe, akakiweka mahali mkono wangu unapofika. Hakusema kunywa. Mlangoni akasema, bila kugeuka, "Pazi anarudi leo alasiri. Mwambie yote kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze hata punje."

Pazi alikuja kabla jua halijashuka, bado ana vumbi la safari. Sikumwogopa afisa siku ile kama nilivyomwogopa mwanao jana. Alisimama muda wote. Nilimweleza nikitazama mikono yake, kwa sababu ni yako, vidole vifupi vile vile. Nilipofika kwenye hatua nne alinikatiza.

"Hatua za nani, baba mdogo?"

"Za mtu mzima. Zangu."

Akarudi mpaka ukutani, akaegemeza mgongo, akaanza kuhesabu kuja kwangu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Goti lake likagusa kitanda. Akageuka akautazama ukuta alikotoka, akanitazama mimi, akautazama ukuta tena.

"Hapa?"

"Hapo."

"Na baba alikuwa kati."

"Alikuwa kati."

Akasimama pale pale, goti limegusa kitanda, mpaka nikadhani hataondoka. Mimi nimeshaona watu wakijizuia wasipige. Ndivyo alivyokuwa anapumua. Kisha akasema kwamba Jumamosi asubuhi malori hujazana kijitoni kuongeza maji kabla ya kupanda, madereva na mautingo wote wanakuwapo, na wenye magari madogo nao. "Utakwenda kuwaambia. Kwa mdomo wako, si kwa karatasi. Mimi sitakusemea."

Nikamwambia kwamba huenda nisifike.

"Nitakubeba kwenye lori langu, mbele. Nitaendesha polepole." Akafika mlangoni. "Utafika."

Hakuniita baba mdogo tena. Sikustahili, nami sikungoja.

Leo nimeandika karatasi mbili. Moja ni ya Kiingereza, kwa wale walioandika yale ya kwanza, wayafute kama bado yapo na wanifanye wanavyoona inafaa, nikiwa hai au nimezikwa. Nyingine ni ya Kiswahili, na hiyo nimeiandika kwa herufi kubwa. Nimeeleza mambo yote, na mwisho nimeeleza sheria yenu ya kilima, namna ulivyonifundisha, kwamba kilichoshindwa siku ile si tawi wala utingo, bali mtu aliyesoma ambaye hakutaka kungoja. Pazi ameisoma mbele yangu kwa sauti, ili nisikie kama kuna mahali nimejipendelea. Palikuwepo pawili. Nimepafuta.

*

Jumamosi, alfajiri

Sikulala, lakini si kwa maumivu.

Mwanaidi amefika kutoka Masaki gizani. Amekaa uani na majirani wawili aliowaleta wasikie, na hazungumzi nami, lakini ameagiza nivalishwe shuka mbili kwa ajili ya baridi. Ninaogopa, Kondo. Siogopi watakachonifanya, mtu wa miguu hii hafanywi kitu. Naogopa vijana wale wakicheka wakidhani mzee anaweweseka. Naogopa sauti yangu isifike nyuma ya injini zao. Nimemwomba Pazi awaombe wazime injini kwanza.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Huko uliko utaulizwa, na jibu ni lako. Ninachokuahidi ni kidogo, na ni cha leo: nitasema jina lako lote, Kondo wa Mwinshehe, mtu wa Masaki, na nitasema ulikuwa macho. Nitalisema hilo kabla ya jingine lolote, nikiwa bado na pumzi. Yatakayobaki, nikikatika katikati ya neno, Pazi ana karatasi kifuani, na nimemwonyesha kwa kidole aanzie wapi.

Kwaheri, mwenzangu. Lori limewaka nje, na wameingia na machela.

Selemani